Wafugaji wa Bonde la Kilombero na Lawama Zinazohama Nao

Mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali ya Tanzania ilianza operesheni ya kuwaondoa wafugaji katika Bonde la Kilombero, ikaendelea hadi mwanzoni mwa 2013. Mifugo ilikamatwa, wenye mifugo wakatozwa faini, na familia nyingi zikaswaga ng'ombe waliobaki bila kujua zinaelekea wapi. Walengwa walikuwa hasa Wasukuma, Wamang'ati na Wamaasai. Serikali ilieleza kwamba mifugo inaharibu ardhioevu, inahatarisha mto na kuwamaliza wanyamapori.

Hoja hiyo haikuzuliwa. Bonde hili, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 8,000, liliingia mwaka 2002 katika orodha ya ardhioevu zinazolindwa na Mkataba wa Ramsar, na mbuga zake ni moja ya makazi makuu ya swala aitwaye sheshe barani Afrika. Mkulima anayeamka alfajiri na kukuta mpunga uliokaribia kuvunwa umeliwa na ng'ombe usiku amepoteza chakula, ada ya shule na mbegu za msimu ujao kwa mpigo mmoja. Hasira yake ni halali. Kinachobishaniwa hapa ni lile wazo kwamba mgeni ndiye chanzo cha matatizo yote, na kwamba akiondoka ataondoka nayo.

Ili kuliona kosa hilo, sharti kurudi nyuma miaka sita na kuvuka milima hadi Usangu, wilayani Mbarali. Mwaka 2006 nchi ilikuwa katika mgawo mkali wa umeme, kina cha bwawa la Mtera kikiwa kimeshuka mno. Mto Ruaha Mkuu, unaolisha bwawa hilo, ulikuwa ukikatika wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993. Kidole kilielekezwa kwa wafugaji wa Ihefu, ardhioevu iliyo Usangu, wakaamriwa kuondoka. Lakini tafiti zilizofanyika Usangu zilikuwa zimeonyesha kwamba maji ya kiangazi yalikuwa yakichepushwa zaidi kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji. Zilionyesha pia kwamba Mtera hujazwa na maji ya masika, kwa hiyo mto kukauka mwezi Oktoba hakutoshi kueleza kwa nini taa zimezimika Dar es Salaam. Yapo maswali yaliyohusu namna maji ya mabwawa yalivyokuwa yakitumika, na utegemezi mkubwa wa nchi kwa umeme wa maji. Mwanaanthropolojia Martin Walsh ameifuatilia historia hiyo kwa kina, na maandishi yake yanaonyesha jinsi maelezo mepesi yalivyokubalika kuwa sera ilhali ushahidi mzito ulikuwepo mezani.

Wafugaji wa Ihefu walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Baadhi yao hawakufika huko, waliingia Kilombero. Ndiyo kusema, kati ya watu walioitwa wavamizi mwaka 2012 walikuwemo waliohamishwa na dola yenyewe. Operesheni moja ilizalisha wahamiaji, operesheni iliyofuata ikawaadhibu kwa kuhama.

Isitoshe, uenyeji wa bonde hili una tabaka nyingi. Wandamba, wavuvi na wakulima wa mito, walikuwepo kabla ya wengi. Wambunga waliotawala Ifakara, pamoja na Wabena wa mabondeni, waliingia kwa vita na uhamaji wa karne ya 19. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilivuta vibarua kutoka nyanda za juu tangu miaka ya 1960, na reli ya TAZARA ikashusha watu wa kila mkoa Ifakara, Mngeta na Mlimba. Wasukuma nao hawakuja na ng'ombe wa maziwa na nyama tu. Walikuja na plau. Ng'ombe wawili wenye nira hulima kwa siku eneo ambalo familia yenye majembe ya mkono ingelihangaikia wiki nzima, na wapo wenyeji waliowakodi kulimiwa eka zao. Wenyeji hao hao huenda walishangilia Wasukuma walipofukuzwa.

Wakati macho ya wote yakiwa kwa ng'ombe, ardhi ilikuwa ikibadilisha mikono kwa njia nyingine. Mpango wa SAGCOT, uliotangazwa mwaka 2010, uliliweka bonde hili katikati ya ndoto ya kilimo kikubwa cha kibiashara. Huko Mngeta, kampuni ya Kilombero Plantations ilishika hekta 5,818 kwa ajili ya mpunga, na wakulima wadogo waliokuwa wakilima humo wakaondolewa. Kampuni hiyo baadaye ilishindwa kulipa madeni yake. Hakuna aliyepaswa kuwa mchawi wa hadithi hii, lakini inashangaza jinsi mjadala wa uhaba wa ardhi ulivyoweza kumtaja mfugaji kila mara na kulisahau shamba la maelfu ya hekta.

Mtindo huu si wa Kilombero pekee. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka mwaka 1972, na biashara za Uganda zikaporomoka. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga, iliyolenga wahamiaji haramu, iliwafukuza watu Kagera, Kigoma na Geita, wakiwemo walioishi huko kwa miongo kadhaa. Mwishoni mwa mwaka huo huo Operesheni Tokomeza, iliyolenga ujangili, ilisitishwa baada ya malalamiko ya mauaji na mateso, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao.

Kazi ngumu iliyokwepwa inajulikana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inaelekeza namna ya kupanga mashamba, malisho, mapito ya mifugo na njia za maji. Upangaji huo unataka fedha, wapimaji, na viongozi wa vijiji wasiopokea chochote ili kufumbia macho makundi yanayoingia usiku. Mwaka 2023 eneo kubwa la bonde lilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba la Kilombero. Katika vijiji vinavyopakana nalo, anayeuliza leo kigingi cha mpaka kimeangukia wapi ni mkulima wa mpunga pia, na jibu analostahili ni ramani iliyochorwa naye akiwepo, pamoja na jirani yake mwenye ng'ombe.