"Tafadhali" ya Cincinnati

Mgeni akiongea kwa sauti ndogo mjini Cincinnati, jimboni Ohio, mzee wa mji anaweza kumjibu kwa neno moja tu: "Please?" Mgeni hubaki akijiuliza anaombwa nini. Haombwi kitu. Mzee hakusikia vizuri, anataka arudiwe.

Neno ni la Kiingereza, matumizi ni ya Kijerumani. Mjerumani asiposikia husema "bitte?", neno lile lile analoombea chumvi mezani. Katika karne ya 19 Wajerumani walihamia Cincinnati kwa maelfu, wakajaa ng'ambo ya mfereji uliopita mjini. Mfereji ukapachikwa jina la mto wa kwao, Rhine, na mtaa ukaitwa Over-the-Rhine, jina ulilonalo hadi leo. Mwaka 1918, chuki dhidi ya Wajerumani ilipopanda katika Vita Kuu ya Kwanza, barabara zenye majina ya Kijerumani zilibadilishwa majina. Bremen ikawa Republic. Mfereji nao haupo tena, pamepita barabara kuu. Ila hakuna amri iliyofika jikoni, bibi alipomwomba mjukuu arudie alichosema. Hilo hunigusa sana. Wanaosema hivyo sasa wanapungua, na nawasikitikia wajukuu.

Tafadhali yetu nayo ni msafiri. Mwarabu husema "tafaddal" anapomkaribisha mgeni aingie, aketi, ale. Sisi tuliipokea tukaifanya ombi. Lakini tusiposikia hatuitumii: twasema "ati?" au "unasemaje?", na mtoto anayemwambia mkubwa "nini?" hukemewa papo hapo, aambiwe aseme "abee" au "naam".