Aina tegemezi katika michoro ya nyuzi

Aina tegemezi katika michoro ya nyuzi ni mada ya hisabati inayounganisha mambo mawili: michoro ya nyuzi, ambayo hutumika katika nadharia ya kategoria, na aina tegemezi, ambazo hutumika katika mantiki na sayansi ya kompyuta.

Michoro ya nyuzi

Katika mchoro wa nyuzi, kila uzi huwakilisha aina ya kitu, na kila kisanduku huwakilisha hatua inayotoa kitu cha aina moja kutoka kitu cha aina nyingine. Hatua zinazofuatana huunganishwa kwa uzi. Zisizohusiana huchorwa kandokando. Mwingereza Roger Penrose alitangaza michoro ya namna hii mwaka 1971. Mwaka 1991 André Joyal na Ross Street walithibitisha kwamba ni njia halali ya kukokotoa: mchoro ukisogezwa bila kubadili miunganiko yake, maana hubaki ileile.

Aina tegemezi

Aina tegemezi hubadilika kulingana na thamani ya kitu kingine. Zilikuzwa na Nicolaas de Bruijn wa Uholanzi katika mradi wa Automath ulioanza mwaka 1967, kisha na Per Martin-Löf wa Uswidi katika miaka ya 1970. Leo zimo katika lugha za programu kama Agda na Lean.

Mfano wa karibu ni ngeli za Kiswahili. Tunasema "kiti kimeanguka" na "mti umeanguka", lakini "kiboko ameanguka". Umbo la nomino pekee halitoshi. Ni lazima kujua nomino yenyewe. Kwa hiyo "kitenzi" hapa si aina moja bali ni familia ya aina: cha KI-VI, cha U-I, cha A-WA na kadhalika.

Ugumu wa kuunganisha

Katika mchoro wa kawaida, nyuzi mbili zilizo kandokando ni huru. Mchoro wenye uzi mmoja wa "kitenzi" utakubali hata "kiti ameanguka". Tunaweza kuchora uzi kwa kila ngeli, kwa kuwa ngeli ni chache. Lakini aina "orodha yenye majina n" ingehitaji nyuzi zisizo na kikomo, moja kwa kila n. Tena, uzi tegemezi hauwezi kutangulizwa mbele ya ule unaoutegemea.

Njia mojawapo ya kutatua ugumu huu ni kupaka rangi maeneo yaliyo kati ya nyuzi. Kila eneo huwakilisha mkusanyiko wa thamani, na uzi unaotenganisha eneo A na eneo B huwakilisha familia ya aina E(a, b), inayotegemea thamani za pande zote mbili.

Matumizi katika lugha

Grammatical Framework, programu ya sarufi iliyoanzishwa mwaka 1998 na Aarne Ranta, imejengwa juu ya nadharia ya Martin-Löf, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zilizoandikiwa sarufi ndani yake.