Lenzi Niliyoiuza

Niliuza lenzi nzuri kwa sababu ya sikio la nyanya yangu.

Ilikuwa ya mtumba, milimita 50, f/1.4, niliyoinunua nilipoanza kupiga picha za harusi. Usiku mmoja kijijini, jikoni hakuna taa ila koroboi, nyanya alikuwa ananicheka jinsi ninavyokohoa moshi. Nikafungua lenzi mpaka mwisho, nikapiga picha tatu. Kesho yake, kwenye kompyuta, nikazikuza. Macho yake yalikuwa laini kama yamepakwa mafuta. Nikasema, basi, hii lenzi ikiwa wazi ni bure. Mwezi haukuisha, nikawa nimeiuza.

Miaka minne baadaye tulikuwa tunatafuta picha ya karatasi ya mazishi yake. Nikazifungua tena zile tatu, safari hii bila haraka. Macho yalikuwa vilevile. Lakini sikio! Ungeweza kuhesabu nyuzi za leso iliyopita juu yake. Kumbe lenzi ilikuwa kali kabisa, mimi ndiye niliyelenga sikio.

Hili kosa la kuhukumu lenzi kwa swali lisilo lake ni la zamani sana. Mwaka 1839, Daguerre alipotangaza njia yake ya kupiga picha, lenzi za wakati huo zilikuwa na giza mno hata mtu alihitaji kukaa juani dakika kadhaa bila kutikisika. Mwaka uliofuata Joseph Petzval, profesa wa hisabati kule Vienna, akakokotoa lenzi ya f/3.6, akisaidiwa na wanajeshi wa mizinga waliozoea hesabu ndefu. Voigtländer akaitengeneza. (Baadaye wawili hao waligombania pesa, lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Ilikunywa mwanga zaidi ya mara kumi kuliko zile za awali. Katikati ilikuwa kali, na kadiri unavyokwenda pembeni picha ilivurugika na kuzunguka kama maji kwenye sufuria. Hebu ipige ukuta wa matofali leo, utaitupa. Lakini wateja wa studio hawakuja na ukuta. Walikuja na uso, na uso ulikaa katikati. Lenzi hiyo ililisha studio za picha kwa miongo mingi.

Sababu ya ulaini huo si uchawi. Mwanga unaopita ukingoni mwa kioo haukutani mahali pamoja na ule unaopita katikati. Ukibana tundu, unaufungia nje ule wa ukingoni, ndiyo maana karibu kila lenzi huonekana kali zaidi kwa f/4 kuliko kwa f/1.4. Ikiwa wazi, mara nyingi maelezo yote yapo, ila yamefunikwa ukungu mwepesi, kama mtu aliye nyuma ya shela. Huo ni udhaifu wa lenzi kweli. Kukosea fokasi ni jambo jingine, na jicho letu huyachanganya haya mawili.

Aliyelijua hilo vizuri ni Stanley Kubrick. Kwa filamu ya Barry Lyndon, iliyotoka mwaka 1975, alitaka vyumba vimulikwe kwa mishumaa pekee. Alinunua lenzi tatu za Zeiss za f/0.7, kati ya kumi zilizoundwa kwa ajili ya NASA, na kamera ikabidi ichongwe upya ili zitoshe. Shida kubwa ikawa fokasi. Mwigizaji akiinama kidogo tu, amepotea. Wakaweka kamera ya video ubavuni, ili msimamizi wa fokasi aone kwenye skrini kila mwigizaji amesogea kiasi gani. Tazama wanavyokaa kwenye meza ya kamari, wametulia kama wamechorwa.

Mimi sikuwa na skrini ya ubavuni. Kwa milimita 50, f/1.4, mita moja kutoka kwa nyanya, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 3 tu. Kutoka jicho hadi sikio ni zaidi ya hapo, na yeye alikuwa anacheka.

Siku hizi nikiletewa lenzi ya kununua, nabandika gazeti ukutani, naweka kamera kwenye stendi, nakuza skrini na kulenga kwa mkono. Napiga kwa f/1.4, kisha 2, kisha 2.8. Naangalia katikati kwanza. Pembeni nalenga upya kabla ya kulaumu, maana kuna lenzi ambazo ukali wake umepinda kama bakuli. Herufi zikisomeka chini ya ukungu, nanunua.

Mama aliichagua ile ya sikio. Ikachapwa ndogo, karibu sawa na picha ya kitambulisho, na kwa ukubwa huo macho ya nyanya hayakuwa na kasoro yoyote.

Niliyemuuzia lenzi bado anayo. Nimempigia simu mara mbili. Anasema hata akiamua kuiuza, bei si ile.