Vihisi vya kufuatilia metali inayoyeyuka mwilini

Mfupa uliovunjika huhitaji kushikiliwa imara kwa wiki kadhaa hadi uunge. Kwa miaka mingi, madaktari wa upasuaji wametumia mabamba na skrubu za titani au chuma kisichoshika kutu, ambavyo ama husalia mwilini maisha yote au huondolewa kwa upasuaji wa pili.

Magnesiamu hutoa njia nyingine. Metali hii nyepesi, ambayo uzito wake unakaribiana na ule wa mfupa wa ukubwa sawa, huliwa polepole na majimaji ya mwili hadi ikatoweka. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu, zaidi ya nusu ikiwa mifupani, na kiasi kinachozidi hutolewa na figo kupitia mkojo.

Tatizo ni kasi. Kipandikizi kikiyeyuka kabla ya mfupa kuunga, mfupa hukosa mhimili. Mnamo 1906, daktari Albin Lambotte wa Ubelgiji alitumia bamba la magnesiamu, lililoshikizwa kwa misumari ya chuma, kuunga mguu wa kijana wa miaka 17. Metali hizo mbili zilipogusana katika majimaji yenye chumvi, zilifanya kazi kama betri. Baada ya siku 8 bamba lilikuwa limevunjikavunjika, na gesi nyingi kukusanyika chini ya ngozi.

Gesi hiyo ni haidrojeni, ambayo hutokea magnesiamu inapokutana na maji. Gramu moja ya metali hiyo ikiliwa yote hutoa karibu lita moja ya gesi. Ikitoka taratibu, mwili huisambaza bila taabu. Ikitoka kwa kasi, hujikusanya na kufanya uvimbe.

Aloi za kisasa huyeyuka polepole zaidi. Mwaka wa 2013, skrubu ya magnesiamu ya kampuni ya Syntellix ya Ujerumani iliidhinishwa kutumika Ulaya. Hata hivyo, daktari hulazimika kutegemea picha za eksirei, ambazo huonyesha umbo la kipandikizi na mifuko ya gesi, lakini hazipimi kasi ya kuyeyuka kwa wakati huo. Aidha, haifai kumpiga mgonjwa miale hiyo mara kwa mara.

Ndipo watafiti wakaigeuza gesi iliyokuwa kero kuwa kipimo. Molekuli ya haidrojeni ni ndogo mno, hivyo hupenya nyama na ngozi kwa urahisi. Katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, kundi la watafiti akiwemo mwanakemia William Heineman lilipima gesi hiyo juu ya ngozi ya panya waliopandikizwa magnesiamu, bila kuwapasua tena.

Walitumia vihisi vya aina mbili. Cha kwanza ni kihisi cha umeme chenye ncha nyembamba: haidrojeni inapoifikia, mkondo mdogo wa umeme hupita, na ukubwa wake huonyesha kiwango cha gesi. Cha pili ni utando mwembamba wa plastiki uliopakwa oksaidi ya molibdenamu pamoja na kichocheo cha paladiamu. Utando huo ukibandikwa juu ya ngozi, hugeuka rangi kuwa buluu panapotoka haidrojeni, na jinsi gesi inavyozidi ndivyo buluu inavyokolea.

Vihisi hivi vina mipaka. Huonyesha kasi ya kuyeyuka, bali si nguvu iliyosalia katika kipandikizi. Bakteria wa matumbo pia huzalisha haidrojeni, kwa hivyo sharti kiwango cha kawaida cha mwili kijulikane kwanza. Hali kadhalika, havifai kwa vipandikizi vya zinki au chuma, ambavyo huliwa hasa kwa kutumia oksijeni na hutoa haidrojeni kidogo mno.

Kwa sababu hiyo, vihisi vinavyopima kiwango cha asidi na chembe za magnesiamu kando ya kipandikizi vinaendelea kuchunguzwa pia.