Reli ya Kati na Nyayo za Wapagazi
Husemwa kwamba Wajerumani ndio waliofungua njia ya bara walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ramani inakataa. Toka Kilosa treni hupanda bonde la Mto Mkondoa, ambao mafuriko yake yamezoa tuta la reli mara nyingi, kisha hukata Ugogo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora: ndiyo njia ya misafara, waliyoipita wapagazi wa Kinyamwezi na pembe za ndovu mabegani miongo mingi kabla ya hapo. Wanyamwezi hao hao walikuja kushika sururu kwenye ujenzi.

Atakayepinga atataja Bagamoyo iliyoachwa kaskazini, Mpwapwa iliyobaki kando ya stesheni ya Gulwe, na Ujiji iliyopokwa bandari na Kigoma. Kweli, na Bagamoyo haikupata kuinuka tena. Lakini huko pwani na ziwani meli ndizo zilizoamua, kwa kuwa zilitaka maji ya kina. Tabora, isiyo na meli ya kungoja, ilibaki njia panda ya misafara, kisha ya reli, tawi la Mwanza lilipokamilika mwaka 1928.