Arafa, Bei na Usahaulifu: Historia ya Maandishi ya Simu ya Mkononi Jijini Nairobi kwa Kuyalinganisha na ya Asia ya Mashariki

Utangulizi

Mnamo Oktoba 1968, wasomi watatu jijini Nairobi, yaani Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka uliopendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe mahali pa kitovu. Miongoni mwa hoja zao ni kwamba fasihi simulizi si masalio ya kale bali ni utamaduni ulio hai, na kwa hivyo yastahili kufundishwa. Leo hakuna mhakiki anayeipinga hoja hiyo. Hata hivyo, katika jiji lilelile pamezuka tangu mwaka 2000 utanzu mwingine ulio hai, ambao idara zetu hazijaupa nafasi inayoustahili: maandishi ya simu ya mkononi.

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya maandishi hayo jijini Nairobi kwa kuyalinganisha na yale ya Asia ya Mashariki, ambako utafiti wa uwanja huu ulianza mapema. Tunadai kwamba kifaa chenyewe hakielezi sura ya fasihi inayotokana nacho. Sura hiyo huamuliwa na bei, usafiri na taasisi za uchapishaji. Tunadai pia kwamba tofauti kubwa kati ya Nairobi na Tokyo haiko katika ubora wa utunzi. Iko katika uhifadhi wake.

Asia ya Mashariki: Utafiti Uliofanywa Jambo Likiwa Hai

Nchini Japani, kampuni ya NTT DoCoMo ilianzisha huduma ya i-mode mnamo Februari 1999. Huduma hiyo ilimwezesha mtumiaji kutuma barua pepe na kusoma kurasa za intaneti kwa simu ya mkononi, bila kufungwa na kikomo cha herufi 160 kilichozibana arafa kwingineko. Isitoshe, desturi ya treni za mijini ilikataza kuzungumza kwa simu ndani ya behewa. Abiria alilazimika kunyamaza. Aliponyamaza, alisoma na kuandika. Hapo ndipo ilipochipuka riwaya ya simu, iitwayo keitai shosetsu, iliyotungwa kwa vipande na kusomwa kwa vipande. Wachapishaji waliigeuza kuwa kitabu. Koizora, ya mwandishi ajiitaye Mika, ilitoka kama kitabu mwaka 2006, na kati ya riwaya 10 zilizouzwa zaidi nchini humo mwaka 2007, 5 zilikuwa zimeanzia kwenye simu.

Uchina ilifuata njia nyingine. Arafa moja hubeba herufi 160 za Kilatini au herufi 70 za Kichina. Mwaka 2004 ilitokea riwaya iitwayo Chengwai yenye sura 60, kila sura ikiwa na herufi 70, yaani arafa moja kamili. Hapa kikomo cha kiufundi kiligeuka kuwa kanuni ya fani, jinsi idadi ya mizani inavyomfunga mshairi wetu.

Wataalamu hawakungoja mambo hayo yapite ndipo wayachunguze. Mkusanyiko uliohaririwa na Mizuko Ito, Daisuke Okabe na Misa Matsuda mwaka 2005 uliichunguza simu ya Wajapani kama sehemu ya maisha ya kila siku, pasipo kuifanya ajabu ya teknolojia. Naye Jack Linchuan Qiu, katika kitabu chake cha 2009, alionyesha kwamba kati ya wenye habari na wasio nazo kuna tabaka la tatu nchini Uchina: wahamiaji na vibarua wenye uhaba wa habari, wanaotumia huduma za bei nafuu na kuzigeuza kulingana na mahitaji yao. Hoja hii ya Qiu ndiyo inayotufaa zaidi tunaporejea Nairobi.

Bei kama Kanuni ya Utunzi

Safaricom na Kencell zilianza kuhudumia umma kwa upana mwaka 2000. Huduma iliuzwa kwa malipo ya kabla, kwa kadi za kukwangua, na kila neno likawa na thamani ya fedha. Tabaka alilolieleza Qiu lingeweza kuonekana kila alfajiri kwenye njia zinazotoka Kangemi na Kawangware kuelekea Lavington, Kileleshwa na Westlands: mtumishi wa nyumbani, mlinzi, mtunza bustani, kila mmoja akiwa na simu mfukoni na salio dogo mno. Tajiri wao alipiga simu. Wao walifulashi, au walibipu kama wasemavyo Watanzania.

Kufulashi ni kuiacha simu ya mwenzako ilie, kisha ukate kabla hajapokea. Kitendo hiki hakina gharama wala neno, lakini kina maana. Mlio mmoja waweza kuwa "nimefika", na miwili "nipigie", kwa kadiri ya mapatano ya wahusika. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Kufulashi ni mgambo wa watu wawili, nao unathibitisha kwamba matini yaweza kuwapo pasipo maandishi.

Hali ya usafiri nayo ilikuwa kinyume cha ile ya Tokyo. Matatu ya kwenda Kawangware ina muziki mkubwa na utingo anayepaza sauti, na abiria aketiye dirishani anajua kwamba simu iliyotolewa nje yaweza kunyakuliwa kwenye foleni ya magari. Mazingira kama hayo hayazai riwaya. Huzaa kauli fupi, inayoandikwa upesi na kufichwa upesi. Kwa bahati njema, Kiswahili ni lugha inayojitosheleza katika hali hiyo: kitenzi "nitakutumia" kinabeba mtenda, wakati na mtendewa kwa herufi 11, bila nafasi hata moja kati yao.

Mfano bora wa kauli fupi ya Nairobi ulitungwa na matapeli: "Ile pesa tuma kwa hii namba." Baada ya M-Pesa kuanzishwa Machi 2007, arafa ya namna hii ilitumwa kwa watu wasiojulikana, kwa matumaini kwamba mmoja wao alikuwa karibu kumtumia mtu fedha. Nguvu yake yote imo katika kiashiria "ile". Hakitaji kiasi wala sababu. Kinadai tu kwamba mambo hayo mawili yanajulikana tayari, na msomaji mwenyewe ndiye anayelijaza pengo. Umma uliitambua sanaa hiyo, ukaifanya mzaha na hatimaye msemo wa kila siku. Kauli iliyoanza kama wizi ikaingia katika hazina ya semi za jiji.

Mchezo wa Herufi

Ni kosa, hata hivyo, kuieleza kila sifa ya arafa kwa gharama pekee. Vijana wa Nairobi walipoandika "2ko" badala ya "tuko", walipunguza herufi moja, lakini walimtaka msomaji aitamke tarakimu kwa Kiingereza na kitenzi kwa Kiswahili. Wenzao wa Uchina huandika 520 kwa maana ya "nakupenda", kwa kuwa matamshi ya tarakimu hizo yanakaribiana na ya maneno hayo. Mbinu ni moja, ingawa hakuna aliyeiga kwa mwenzake.

Baadaye ukaja mtindo wa kuandika "xaxa" badala ya "sasa". Walimu waliulaumu kwa kuharibu tahajia, nao watetezi wakasema ni ufupisho. Pande zote mbili zilikosea katika jambo moja. "Sasa" ina herufi nne, na "xaxa" ina herufi nne vilevile. Hakuna senti iliyookolewa. Huu ulikuwa mtindo halisi, alama ya rika na ya kundi, kama yalivyokuwa maandishi ya mapambo ya wasichana wa Japani yaliyoitwa gyaru-moji, ambayo nayo yaliwakera wazazi. Mhakiki anayeufundisha ukiushi katika ushairi wa Kiswahili hana sababu ya kuukataa ukiushi huu kabla ya kuuchunguza.

Bahari katika Jiji Lisilo na Bahari

Kampuni nazo zilitunga. Safaricom, yenye makao yake makuu kwenye barabara ya Waiyaki, Westlands, iliipa huduma ya kukopa muda wa maongezi jina la Okoa Jahazi, na mwaka 2012 huduma ya akiba na mikopo ikaitwa M-Shwari. Jahazi na shwari ni maneno ya mabaharia. Yametolewa pwani na kupandishwa hadi jiji lisilo na bahari, na huko yakapewa kazi mpya: kulipamba deni. Anayekopa haambiwi kwamba anakopa; anaambiwa kwamba chombo chake kinaokolewa, au kwamba upepo umetulia.

Neno "fuliza" lina historia nzito zaidi. Katika kamusi, kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kusita. Tangu Januari 2019, huduma ya M-Pesa yenye jina hilo humruhusu mteja kulipa zaidi ya salio lake. Katika kinywa cha Mkenya wa leo, maana ya kwanza imesogezwa kando na kufuliza kumekuwa kukopa. Hapa tunashuhudia badiliko la maana likitokea mbele ya macho yetu, na kulitolea ushahidi ni wajibu wa idara za lugha na fasihi kabla ya watu wengine.

Matini Yaliyopotea

Swali la uhifadhi lilijitokeza kwa uchungu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja mnamo tarehe 30 Desemba, na arafa zikawa njia kuu ya habari, ya uvumi, ya uchochezi na pia ya kutafutana. Mnamo Januari 2008 kikundi cha Wakenya kilianzisha Ushahidi, jukwaa lililopokea taarifa za raia, zikiwamo arafa, na kuzionyesha kwenye ramani. Taarifa hizo zilisalimika kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyezitengenezea mahali pa kukaa.

Nyingine nyingi hazikusalimika. Simu za awali zilihifadhi arafa chache tu, na mwenye simu alifuta ya zamani ili apokee mpya. Simu za bei nafuu kutoka Shenzhen zenye laini mbili zilienea kupitia maduka ya Luthuli Avenue, zikauzwa upya mara kadhaa, na kila mara fundi akasafisha kumbukumbu yake. Ilipofika mwishoni mwa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano iliamuru simu bandia zikatwe kwenye mitandao, na takriban simu milioni 1.9 zikanyamaza. Sheria ilikuwa na sababu zake. Kwa mwanahistoria wa fasihi, hata hivyo, kila simu iliyotupwa ilikuwa juzuu moja ya barua za watu wa kawaida ambayo haina nakala.

Hitimisho

Tumeona kwamba Tokyo ilipata riwaya kwa sababu ya i-mode, treni tulivu na wachapishaji walio tayari, ilhali Nairobi ilipata mlio, kiashiria na "xaxa" kwa sababu ya kadi ya kukwangua, matatu na mchanganyiko wa lugha. Tanzu hizi mbili hazipaswi kupimwa kwa kipimo kimoja. Palipo na upungufu ni kwetu sisi wasomi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza barani Afrika kuwa na Taasisi ya Confucius, mwaka 2005, na lugha ya Kichina imefundishwa humo tangu wakati huo. Ulinganishi tuliouanza hapa ungaliweza kuendelezwa na wanafunzi wanaozimudu lugha zote mbili.

Kazi ya kwanza ni kukusanya, kwa idhini ya wenye matini na kwa kuzificha siri zao, arafa ambazo bado zimo katika simu kuukuu zilizowekwa madawatini. Waliokwenda vijijini kurekodi ngano katika miaka ya 1970 walijua kwamba fanani akifa, ngano hufa naye. Fanani wa safari hii ni betri, na betri hizo zinaendelea kufa.