Baiskeli, Ngome na Majina Yasiyoandikwa: Malakisi katika Nchi ya Vita vya Magharibi mwa Kenya

Malakisi ni mji mdogo wa Kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, pale ambapo mteremko wa Mlima Elgon unalegea na kuwa nchi ya mahindi, pamba na tumbaku, na ambapo mto wenye jina hilo hilo unashuka kutoka mlimani ukielekea magharibi. Kwa miongo mingi, mkazi wa nchi hiyo aliyechoka kwenda kwa miguu na asiyekuwa na uwezo wa kununua gari alipanda baiskeli, akapita juu yake njia zilizopita mbele ya ngome za kale, vituo vya machifu na viwanja ambako watu waliuawa, bila ya kibao chochote kumwarifu kwamba anapita mahali pa vita. Kazi ya kuisoma nchi hiyo kama uwanja wa kihistoria, ambayo mashambani mwa Ufaransa imekwisha kuwa mazoea ya watalii wa baiskeli, hapa karibu haijaanza, ingawa maeneo yanayohusika yamekaribiana kiasi kwamba mwendesha baiskeli mwenye miguu imara anaweza kuyafikia mengi yake kwa siku mbili au tatu.

Mahali pa kuanzia ni ngome. Kabla ya utawala wa Waingereza, Wabukusu na majirani wao Watachoni walikaa ndani ya vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, navyo waliviita chingoba, na kimoja lukoba. Ukuta ulijengwa kwa duara, lango likawa dogo na la chini hivi kwamba aliyeingia alilazimika kuinama, na ndani yake mlikuwa na nyumba, maghala na mazizi ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndio waliokuwa wakitafutwa na wavamizi. Ujenzi huo ulikuwa jibu la busara kwa vita vya zamani, vita vya mikuki na mishale ambavyo Wamaasai wa Uasin Gishu, Wateso na wengineo walikuja navyo, na kwa vita vya namna hiyo ulifaa sana. Haukutazamiwa kukabili mzinga.

Mzinga ulikuja mwaka 1895. Askari wa Kisudani, waliokuwa wakitumikia utawala mpya wa Waingereza uliokuwa na kituo chake kwa Mumia, mtawala wa Wanga, walikuwa wametoroka na bunduki zao, na bunduki hizo zikaingia mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kilichotumwa kwenda kuzidai kikashambuliwa na watu wake wengi wakauawa. Charles William Hobley, ofisa aliyekuwa amepewa eneo hilo, alikusanya jeshi la kulipiza kisasi lililochanganya Wasudani, Waganda, Wawanga na Wamaasai, likaiangukia kwanza ngome ya Lumboka, kisha likapanda hadi kilima kinachotazama mji wa Webuye wa leo, ambako wapiganaji wengi walikuwa wamekimbilia katika lukoba ya Chetambe, iliyobeba jina la Chetambe Ifile, mzee wa Kitachoni. Mzinga mdogo wa aina ya Hotchkiss ulitoboa ukuta uliokuwa umezuia mishale kwa vizazi. Waliouawa ndani ya ngome walikuwa wengi, wanawake na watoto walichukuliwa mateka, na mifugo ikagawanywa kwa washindi. Inafaa kusemwa wazi kwamba tukio hilo, ambalo katika kumbukumbu za serikali liliorodheshwa kama msafara wa kuadhibu, lilikuwa ndio mwanzo wa dola ya kikoloni katika nchi ya Wabukusu, na kwamba baada yake watu wa Mumia, hasa ndugu yake Murunga, walipewa uchifu juu ya watu ambao hawakuwa wao.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia havikufika Malakisi kwa mizinga bali kwa kamba ya mpagazi. Kuanzia 1914, na kwa nguvu zaidi tangu 1917, wanaume wa nyanda za magharibi, ambazo wakati huo ziliitwa Kavirondo, walichukuliwa na machifu na kupelekwa katika jeshi la wapagazi, lile ambalo jina lake la Kiingereza limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor na Dar es Salaam katika soko la Kariakoo. Walibeba vyakula na risasi kupita Afrika Mashariki ya Kijerumani, wakimfuata Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, aliyesalimu amri Novemba 25, 1918, zaidi ya siku kumi baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Malaria, kuhara damu na njaa viliwaua makumi ya maelfu yao, wengi wakazikwa kando ya njia.

Ni hapa ndipo ulinganisho na Ufaransa unapofundisha kitu. Mnamo Aprili 1919, miezi michache tu baada ya vita, gazeti la Le Petit Journal liliandaa mashindano ya baiskeli ya hatua saba yaliyoanzia Strasbourg na kuzunguka katika viwanja vya mapigano vya Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, njia zikiwa bado zimechimbuka kwa makombora na vijiji vikiwa vifusi. Mshindi alikuwa Charles Deruyter, na wengi walioanza hawakumaliza. Waendeshaji hao walikuwa na wafu wao wenyewe: François Faber, Octave Lapize na Lucien Petit-Breton, washindi wote wa Tour de France kabla ya vita, walikuwa wamekufa vitani. Aidha, tume ya Uingereza ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917, ilikuwa imekwisha kuamua kwamba kila askari atapewa jina lake juu ya jiwe au ukuta, pasipo kutofautisha cheo, na ndiyo sababu mpita njia wa leo katika bonde la Somme hukutana na makaburi yaliyopangwa safu kwa safu, kila jiwe na jina lake. Kanuni hiyo haikufuatwa Afrika Mashariki. Uchunguzi ambao tume hiyo yenyewe ilichapisha mwaka 2021 ulikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu za askari na wapagazi zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ziliwapa wafu hao umbo la pamoja, lakini mama wa Malakisi aliyempoteza mwanawe hakupewa mahali pa kusoma jina lake.

Katika miongo iliyofuata baiskeli ilienea. Walimu, makatekista wa misheni za Wakweka na Wakatoliki, makarani na wapimaji wa pamba walikuwa wa kwanza kuimiliki, kisha mkulima aliyepata fedha ya mavuno naye akainunua katika duka la Mhindi, akafunga gunia kwenye keria na kuisukuma pale mlima ulipomshinda. Upande wa mashariki, nchi ya Kitale na Trans Nzoia ilikuwa imegawiwa walowezi wa Kizungu, wakiwemo maofisa waliopewa mashamba kama zawadi ya vita chini ya mpango wa 1919, na reli ya tawi ikafika Kitale mwaka 1926. Wabukusu waliokuwa wakilisha ng'ombe huko wakarudi kama maskwota, yaani vibarua walioruhusiwa kukaa shambani mradi wafanye kazi ya mwenye shamba. Malalamiko ya ardhi hayakuhitaji kuchochewa na mtu wa nje.

Aliyeyapa sauti alikuwa Elijah Masinde wa Maeni, karibu na Kimilili, aliyelelewa katika Kanisa la Marafiki, yaani la Wakweka, na aliyeichezea timu ya Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, chifu alipowataka watu kung'oa magugu kwa amri na vijana wakahitajika jeshini, Masinde alikataa, akafungwa mwaka 1944, kisha akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, ambako alikaa hadi 1947. Dini aliyoiongoza, Dini ya Msambwa, iliita watu warudi kwa roho za wahenga na kudai Wazungu waondoke. Septemba 1947 aliwaongoza maelfu kadhaa ya wafuasi hadi Chetambe, kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895, na tendo hilo linastahili kupewa uzito kuliko lilivyopewa na maofisa wa wakati ule walioliona kuwa ushirikina: lilikuwa ndiyo ibada ya kwanza kubwa ya kumbukumbu ya vita katika nchi hiyo, iliyofanywa na wana wa walioshindwa, miaka 52 baada ya ukuta kutobolewa.

Miezi mitano baadaye zamu ilikuwa ya Malakisi. Februari 10, 1948, umati wa wafuasi ulikwenda kwenye kituo cha polisi cha Malakisi, ambapo askari waliwafyatulia risasi na kuua watu 11, wengine wakajeruhiwa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa mwezi huo huo, akahamishiwa Lamu, asirudi hadi muongo wa 1960 ulipoanza. Moto wa dini ulihamia kaskazini kwa Wapokot, na Aprili 24, 1950, huko Kolloa, Lukas Pkech na wafuasi wake wengi waliuawa pamoja na maofisa watatu wa Kizungu.

Baada ya uhuru baiskeli ilipata kazi mpya. Katika mpaka wa Busia, kisha Malaba, vijana waliweka mto wa sponji juu ya keria na kuwavusha abiria eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha, na hapo ndipo ilipoanza biashara ya bodaboda. Barafu iliyoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 ilipopandisha bei, kahawa ya Uganda, ambayo wakulima wake hawakupata malipo ya haki chini ya Idi Amin, ilivuka mlima kwa punda, kwa vichwa na kwa baiskeli hadi soko la Chepkube, na kuwatajirisha baadhi ya watu wa Bungoma kwa muda mfupi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na baiskeli ya abiria ikaanza kutoweka barabarani, ingawa fundi wa kuziba pancha bado ana mahali pake kila soko.

Njia ya kuzunguka ipo tayari: Malakisi hadi Bungoma, Bungoma hadi Webuye na kilima cha Chetambe, kisha Kimilili na Maeni, na kurudi chini ya mlima kupitia Chwele. Kinachokosekana ni majina. Wafu wa Chetambe hawawezi tena kuandikwa wote, lakini wale 11 wa 1948 wana ndugu na wajukuu katika vijiji hivyo hivyo, na waliokuwa watoto siku hiyo sasa wamevuka umri wa miaka themanini, hivyo kazi ya kuwaorodhesha inapaswa kufanywa katika miaka hii michache, na kaunti, shule na makanisa ya Malakisi ndiyo yenye nafasi ya kuifanya.